Shemeji Anataka Shamba Langu kwa Sababu ya Majibu ya Damu

Shikamoo Mama Mshauri mpendwa, nakuomba unipe mawazo kabla sijagombana na ukoo mzima, maana mimi ni mjane wa hapa kijijini Kate, nina binti mmoja, Hilaria, na mwaka jana madaktari waliniambia nina saratani ya damu, ile inayokwenda polepole, wakachukua damu wakaipeleka maabara ya mbali kupima protini fulani ambayo ikizidi ni dalili kwamba ugonjwa utakuwa mkali, na majibu yamekuja, imezidi, daktari kaandika kwamba wengi wa namna hiyo hawafiki miaka mitano. Sasa karatasi aliisoma shemeji yangu Urbano, ndugu wa marehemu mume wangu, kabla yangu, na wakati huu ambapo kila mtu anafukia majani kwenye matuta yaoze, ili mwakani apande ulezi, yeye kasimama mbele ya kamati ya kijiji akasema, "Haya matuta ni chakula cha mwaka kesho. Bertilla anamlimia nani?" Anataka shamba langu apewe yeye, na kamati itaamua Jumamosi. Mama, nilikasirika mno, nikaichukua ile karatasi nikaifukia ndani ya tuta pamoja na majani, kliniki sijarudi wala sitaki, nalima kila siku na nguvu ninazo. Je, nimekosea?

Bertilla, Kate, Machi 1984

Marahaba, Bertilla. Pole kwa ugonjwa, na pole kwa shemeji pia. Kulima hujakosea hata kidogo. Kufukia karatasi ni utoto, na wewe ni mtu mzima. Nimemuuliza daktari mmoja kabla ya kukujibu: kipimo kile kinaeleza yaliyowapata watu wengi, hakijui yatakayokupata wewe, na wapo walioishi kuliko walivyotazamiwa. Lakini daktari wako anakihitaji ili ajue akuangalie kwa karibu kiasi gani, na akilinganishe na kijacho. Sasa unamkimbia daktari ili umkomoe Urbano? Unajikomoa mwenyewe. Chimbua karatasi hiyo leo, na wiki ijayo uwe kliniki.

Jumamosi usitume mtu. Nenda mwenyewe na Hilaria, uwaambie wajumbe waje shambani wahesabu matuta yako, kisha wahesabu ya Urbano. Waombe waandike jina la binti yako chini ya lako kwenye daftari la mashamba. Huyo bwana hana aibu, nawe usimwonee haya. Akiuliza tena unamlimia nani, mjibu mbele ya wote: "Najilimia mimi. Navuna mwezi wa saba, mwaka kesho."