Marahaba ya Baba

Jumamosi, Mikumi

Baba ameitikia. Tangu harusi, miezi miwili sasa, mume wangu Lemayani humwamkia shikamoo, naye Baba hutazama shamba lake kana kwamba upepo ndio umepita. Kwake mfugaji ni mtu wa kuja, wa kuswaga ng'ombe kwenye mahindi ya watu.

Leo kwenye tamasha la ngoma za makabila, wafugaji walicheza mwisho. Lemayani wangu aliruka juu kuliko wote, jamani, alivyopendeza! Kisha akapita kwenye benchi la wazee, akiinamisha kichwa mbele ya kila mmoja ili aguswe utosi, kama wanavyosalimia kwao.

Mzee wa kwanza akauliza, "Umeangusha nini, kijana?"

Uwanja mzima ukacheka. Lemayani hakuinua kichwa. Akafika kwa Baba.

Baba, na koti lake la mtumba, akamwekea mkono kichwani. "Marahaba, mkwe wangu. Kesho njooni mle nyumbani."

Bila ngoma ya leo tungezeeka tukilisubiri neno hilo.

Nilidhani ningelia kwa furaha. Sikuhisi kitu, hata sasa. Nampenda Lemayani kupita kiasi, ila kwa miezi miwili nimejifunza kutotarajia, na sijui namna ya kuacha.