Nadhiri ya Bi Mahfoudha

Matrah, 20 Aprili 1966

Kwa Mama Mahfoudha,

Nashika miguu, Mama. Asaa barua hii ikukute mzima, na lile goti limekupa nafasi ya kulala. Sisi hatujambo, mimi na mjukuu wako. Sayyida kaota meno mapya ya mbele, na Kiarabu chake sasa kinanishinda mimi mamake. Barua naipitisha kwa Majid wa Mombasa kama kawaida, isije ikapita machoni pa watu huko Unguja kabla ya kukufikia.

Uliniuliza tunaishije. Chumba, unga, mchele na tende tunapewa bado na ile kamati ya matajiri iliyotupokea tuliposhuka melini miaka miwili nyuma. Lakini mwaka huu wametuletea amri: anayekula posho lazima afanye kazi, na kazi haina ujira. Kila asubuhi nnakwenda ghalani kushona magunia ya tende. Msimamizi wetu Sleyum, mtu wa Wete huyo, mwenzetu, anasema posho ni sadaka, na kazi si kazi, ni mafunzo, tusije tukazoea kukaa. Mafunzo! Mimi niliyewashonea maharusi nusu ya mtaa wetu wa Mkunazini, leo nafundishwa kutia uzi kwenye sindano ya gunia!

Na kuna mwanamke wa hapa, Hamdiya, ndiye aliyekuwa akiyashona magunia yale kwa ujira wake. Tulipoletwa sisi wa bure, yeye akaambiwa khalas, kazi imekwisha. Siku ya kwanza kasimama mlangoni anatutazama, nikasema leo tutatukanwa. Akaja akanishika mkono, akanionyesha namna ya kuisukuma sindano nisijitoboe kiganja. Nlitahayari, Mama.

Kinachoniwasha hasa ni hiki. Nasriya wa chumba cha pili kafiwa na mumewe, akakaa eda kama alivyoamrisha Mungu. Hapa ukikosa kazi siku moja Sleyum anakutia mkasi daftarini, ile alama ya kukosa, na mikasi mitatu kadi ya posho inachanwa. Siku ya nne wakamtolea mkeka wake nje. Mjane ndani ya eda, na mkeka kichwani! Sasa yuko Bawshar, kwenye kibanda cha makuti cha watu. Nikamwambia Sleyum mbele ya kadamnasi: ingekuwa mimi, ningekaa miezi yangu minne na siku kumi, mnitoe mimi na mwanangu na mkeka wetu. Nimeapa, na wewe unanijua.

Marhoon vipi? Bado wanakuruhusu kumpelekea chakula gerezani? Mwambie mwanawe anajua kuandika jina la babake.

Mkweo,
Shaikha


Unguja, 26 Mei 1966

Mwanangu Shaikha,

Marahaba, na Mungu akuweke. Mimi nipo. Goti ni lile lile, likiona mawingu linanung'unika. Nibusie Sayyida, umwambie bibi yake hana meno mapya wala ya zamani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya Nasriya nimeisoma zaidi. Wewe na ulimi wako, kweli unaapa mbele ya mtu aliyeshika daftari la posho yako? Ningekuwa karibu ningekufinya.

Mumeo anakusalimu sana. Anasema amche Mungu Shaikha, na mtoto asikose kula.

Sasa nisikilize, na usinibishie. Nimeweka nadhiri kwa ajili ya Marhoon, na nimeiweka kwenye shingo yako pia, unisamehe. Mpaka nikuandikie kwamba imekwisha, usitie hina wala wanja. Usijifukize udi. Usivae hariri wala dhahabu. Harusini usiende. Kazini nenda, maana ndiyo posho ya mtoto, lakini jua likitua uwe chumbani mwako, na ulale humo humo, usilale pengine hata usiku mmoja.

Usiniulize kwa nini. Mambo ya nadhiri hayaulizwi.

Mamako,
Mahfoudha


Matrah, 27 Juni 1966

Kwa Mama,

Nashika miguu. U hali gani na joto? Letu la hapa usiulize, ukuta wa chumba ukiugusa alaasiri unakuunguza. Sayyida alikuwa na homa, ametoka, anakula.

Nadhiri yako naishika, Mama, ingawa inaniweka katika vinywa vya watu. Juzi kulikuwa na harusi nyumba hii hii, ngoma inalia mlangoni kwangu, mimi nimejifungia na mtoto. Bibi harusi kaninunia. Wenzangu ghalani wananitania: mikono myeupe, macho hayana wanja, Shaikha umekuwa mjane? Nlicheka nao. Lakini usiku neno lile likanirudia, nikalitemea mate.

Sasa mashaka. Sleyum ametoa amri mpya. Wanawake kumi wapelekwe Qurayyat mwezi mzima, kupanga samaki mkavu, walale huko huko kwenye banda. Bila ujira, bila shaka, mafunzo ya samaki hayo! Na wa kwanza kumwita ni mimi, kwa ulimi wangu. Gari lilipokuja nikakataa kupanda. Akanitia mkasi. Kesho yake gari likarudi kuchukua waliobaki, nikakataa tena. Mkasi wa pili. Nimebakiwa na mmoja, Mama. Ukitiwa huo, mimi na mjukuu wako tunamfuata Nasriya.

Nimeomba muhula, akanipa mpaka katikati ya Agosti, linapokwenda kundi la pili. "Hapo utapanda au utahama," kanambia. Basi nambie, nadhiri hii ya kitu gani hata inizuie kulala Qurayyat kwa ajili ya chakula cha mtoto? Nipe ruhusa niivunje, nitafunga siku tatu kafara, yaishe. Marhoon mwenyewe angekubali. Muulize ukimpelekea chakula.

Mkweo,
Shaikha


Unguja, 22 Julai 1966

Mwanangu,

Salamu, na pole ya homa ya mtoto. Mimi mzima. Naandika kwa haraka, Majid anatuma mtu leo hii.

Usiende Qurayyat. Nakushika miguu mimi mkubwa. Mchana mpe Sleyum kazi yoyote anayoitaka, abadilishe, aongeze, mbebee hata mawe. Usiku ulale chumbani mwako. Nimekwenda kwa maalim na nimeuliza, na hilo ndilo jibu.

Mwombe. Wewe hujui kuomba, najua, lakini jifunze. Mkasi wa tatu usitiwe. Zimebaki siku si nyingi.

Mumeo anakusalimu.

Mamako,
Mahfoudha


Matrah, 19 Agosti 1966

Kwa Mama,

Nashika miguu. Sisi wazima, alhamdulillahi, na wewe natumai.

Barua yako ilinifika siku moja kabla ya gari. Nikaenda kwa Sleyum, nikaomba. Nliomba mpaka sauti ikanikauka. Kanikubalia kwa sharti: magunia yangu nishone kama kawaida, na juu yake nichote maji ya ghala zima, kisimani mpaka ndani, hata Ijumaa. Basi nachota. Utosi umeota sugu. Hamdiya akinikuta njiani hunipokea ndoo mpaka karibu na mlango, halafu hunirudishia Sleyum asione.

Hayo si kitu. Lililonifanya niandike ni jengine.

Ameshuka mtu hapa juma lililopita, Bakhit, alikuwa gerezani pamoja na Marhoon. Amekuja ghalani kumtafuta dadake. Aliponiona akainamisha uso. Nikamfuata, nikamshika kanzu, kweli nimemshika mwanamume kanzu njiani. Anasema mwezi wa Mei alimwona Marhoon akitolewa chumbani kwenye mkeka, watu wanne wamembeba. Nikamwambia apa kwamba alikuwa mfu. Hakuapa. Nikamwambia apa kwamba alikuwa hai. Hakuapa pia.

Mama, nimekaa na barua zako mbili hizi nazitazama. Hina, wanja, udi, usilale pengine. Mimi si mtoto.

Nijibu neno moja tu, yu hai au hayupo. Ukisema hayupo, siku hiyo hiyo naweka sindano chini na kukaa eda yangu, Sleyum atie mikasi mpaka wino umwishie. Na ukisema yu hai, nitakuamini, maana hujapata kunidanganya tangu uliponitoa kwetu.

Mkweo,
Shaikha


Unguja, 15 Septemba 1966

Mwanangu Shaikha,

Salamu, na afya yangu leo usiniulize.

Barua yako ilinifika siku tano nyuma. Nimeiweka chini ya mto siku nne. Jana, mwezi ishirini na nane Mfunguo Nane, jua limetua, na leo naweza kukujibu.

Hayupo, mwanangu. Marhoon alifariki tarehe tisa Mei. Walikuja watu wawili mlangoni, wakanipa kanzu yake na miwani yake, kioo kimoja kimevunjika. Nikauliza mmemzika wapi. Wakasema hiyo si kazi yako, bibi. Wakaenda zao.

Siku sita baadaye ikaja barua yako, ya Nasriya na mkeka wake na kile kiapo chako. Nikakaa kitako palepale ukumbini. Nikasema, nikimwambia huyu, atakaa eda, namjua, na mjukuu wangu atalala nje. Nikaenda kwa maalim, nikauliza kama namuulizia mtu mwengine. Akanambia eda huanza siku ya mauti, si siku ya khabari, na mwanamke ikimfikia khabari siku zimeshapita, zimepita. Akanambia pia mwenye dhiki hutoka mchana kutafuta riziki, usiku akarudi kwake. Basi nikahesabu miezi minne na siku kumi. Nikakutungia nadhiri, upate kuikaa eda ya mumeo hata kama hujui. Salamu zake nimezitunga mimi. Ile ya mtoto asikose kula, hiyo alinambia kweli, mara ya mwisho niliyomwona.

Matanga sikuweka. Ningeliweka matanga, khabari ingekufikia kwa meli ya kwanza. Majirani wakiniuliza Marhoon hajambo, nasema hajambo. Mwanangu wa pekee, na sijamlilia kwa sauti hata siku moja. Nimelia jikoni, kinywa kimo ndani ya kanga.

Sasa eda yako imekwisha. Tia hina. Ukipata mume mwema wa kukutoa kwenye magunia, olewa, sina haki nawe tena. Unichukie, ni haki yako, lakini Sayyida umwambie mema yangu.

Mimi,
Mahfoudha


Matrah, 30 Oktoba 1966

Kwa Mama,

Nashika miguu. Afya yako nakuuliza, hata ukikataa kunijibu. Goti vipi?

Barua nilipewa ghalani, na Sleyum kasimama juu yetu. Nikaisoma sindano ikiwa mkononi. Nikaikunja, nikamaliza gunia, nikalifunga mdomo. Nikaenda kuchota maji. Nilipofika kisimani nikaiweka ndoo chini, nikakaa.

Nimekukasirikia, Mama. Nitalisema maana tusiposema litatuozea. Tangu Mei nimecheka. Nimecheka na wenzangu waliponiita mjane. Nimezipokea salamu za mume wangu, nikazijibu moyoni, nikataka aulizwe ruhusa ya Qurayyat, naye yumo kaburini nisilolijua. Umenifanyia hivyo wewe niliyekuwa tayari kukuamini kuliko mtu aliyeona kwa macho yake. Kiapo kilikuwa changu, kukivunja au kukitimiza kulikuwa kwangu.

Hayo ni ya siku ya kwanza. Siku ya pili sikuamka. Nililala kifudifudi kwenye mkeka, Sayyida ananivuta mguu, mama, kazi, mama, mkasi! Mtoto wa miaka sita anaujua mkasi wa Sleyum.

Akaingia Hamdiya. Sijui nani kamwambia. Kalitwaa buibui langu msumarini, akalivaa, akashusha ushungi usoni, akaichukua sindano yangu akatoka. Siku tatu nzima kakaa mahali pangu ghalani, anashona bure magunia yale yale aliyonyang'anywa kwa sababu yetu, na maji anachota. Wanawake wote wanajua, wote kimya. Siku ya kwanza Sleyum kapita na daftari, akaita jina langu. Hamdiya kainua mkono. Mkono una hina mpaka kwenye kifundo, alikuwa ametoka harusini! Wenzangu wanasema waliinamia magunia yao. Sleyum kautazama mkono ule, kautazama muda mrefu. Kisha akasema, "Mabruk, Shaikha, naona nadhiri yako imejibiwa." Akatia alama ya kuwepo, akapita. Hamdiya Kiswahili hakijui, akaendelea kushona. Kama Sleyum alijua au hakujua, mimi sitomuuliza.

Siku ya tatu nikamuuliza Hamdiya, kwa nini wewe? Akanambia kwa Kiarabu chake cha harakaharaka, kazi wamenichukulia wao, si wewe. Akaketi akala tende na Sayyida.

Kadi ninayo, Mama. Mikasi ni miwili bado. Nimerudi ghalani.

Sasa na mimi nakuamrisha, maana zamu yangu. Ijumaa ya mwanzo ya Ramadhani, fungua mlango wako wote. Waite Mkunazini nzima. Weka khitma ya mwanao, na ulie, Mama, kwa sauti, wakusikie mpaka barabarani. Mimi siku hiyo hiyo naweka khitma chumbani kwangu. Nasriya atakuja kutoka Bawshar, na Hamdiya amesema ataleta kahawa. Miwani yake niwekee, kama ilivyo, usitie kioo kipya.

Hina sitii bado. Zile siku nilizikaa bila kujua, hizi nitazihesabu mwenyewe, mchana kwenye magunia, usiku chumbani kwangu.

Umeandika kwamba huna haki nami tena, na chini umetia jina tupu, kama barua ya serikali. Usiniandikie hivyo tena.

Mwanao,
Shaikha