Kurudia Mwaka wa Pili

Shangani, Jumanne, baada ya isha

Bado sijampigia baba. Kule Mahurunga ameshawatangazia watu kwamba mwanawe atakuwa nesi mwakani, na mimi nimefeli. Mwalimu ameniambia nirudie mwaka wa pili au niache chuo. Anataka jibu kesho.

Asubuhi nilikuwa nimeshaamua kuacha. Nilikwenda wodi ya wazazi kwa sababu tu zamu ilikuwa yangu.

Mtoto alizaliwa kimya. Mkunga akanipa kitambaa, akasema, "Mkaushe, msugue mgongo." Kwenye mtihani wa vitendo, kwa mdoli tu, nilisahau hatua zote. Leo nilisugua. Mama yake akawa ananiuliza kwa Kimakonde mbona halii, nami nikamjibu kwa Kimakonde asubiri kidogo. Nikaendelea kusugua. Akalia.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Sikutaka tena kuacha, na hilo ndilo limenitisha zaidi, maana naweza kurudia na bado nikafeli.

Sasa nimempigia baba. Nilimweleza yote, hata hofu hiyo.

"Watu nitawaambia mwenyewe," akasema. "Masomo yanaanza lini?"

"Jumatatu, baba."

"Haya. Kalale."

Usingizi hauji. Nitakaa darasa moja na vijana niliowapokea mimi mwenyewe walipoingia chuoni, na watanitazama. Wacha wanitazame. Kesho naenda kumwambia mwalimu narudia.