Siku tonton aliniomba kobayi

Mujukuu wangu Furaha,

Jambo sana huko Luberizi. Hapa Kadutu tuko wazima. Mama yako alienda Minova kutafuta viazi, na mimi niko nauzisha sambaza, zile samaki kidogo za ziwa, na kudanganya wateja kama niko na miaka quarante, arobaini tu.

Unaniuliza: batoto yatima wenye munapatia mbuzi huko kwa kazi yenu, watajua namna gani kama iko yao kweli?

Wakati wa Zaïre nilikuwa yatima kule Miti, mu nyumba ya tante, mama mudogo wangu. Jirani akanipatia kobayi mbili, zile nyama kidogo za kufuga, kama panya bila mukia. Zikazaa, zikafika saba. Siku moja mugeni akafika, tonton, bwana ya tante, akanyoosha mukono akamate moja ya kumuchinjia.

"Acha," tante akamuambia. "Uliza mwenyewe."

Tonton, na abacost yake yote, ile koti ya wakubwa wa wakati ule, akachutama mbele yangu, akaniita kama mutu mukubwa. "Maman, unaweza kunipatia moja?"

Nikasema hapana. Halafu nikangojea kofi.

Tonton akasimama, akapanguza magoti. "Mugeni, leo tunakula maharagi."

Kesho yake nikaenda kukata majani ya kulisha kobayi zangu, na hakuna mutu alinituma.

Basi siku munahitaji mbuzi moja, muombe mutoto. Akikatala, mukubali.

Koko wako, mwenye kukukumbuka kila siku