Watu Kumi na Mmoja wa Nyumba Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba hii ina watu kumi na mmoja. Tumebanana hadi mlangoni. Bafuni ni foleni!

Haya, uongo. Nipo mimi, na paka wa jirani akishikwa na njaa.

Lakini aliyenichokoza ni karani wa mtaa. Binti mdogo, daftari kubwa kifuani, anaorodhesha wazee. Kachungulia sebuleni, kaona kikombe kimoja mezani, kalegeza sauti kama anaongea na mgonjwa: unaishi peke yako, babu? Nikapanda mori. Nikamtajia watoto wangu wote wanane na wajukuu wawili, kwa majina na umri. Huyu kalala, huyu katoka kidogo, huyu yuko bafuni — hapo nikagonga mlango wa bafu: "Harakisha wewe, wenzako wanangoja!" Karani kaandika yote kwa wino. Nimecheka peke yangu mpaka jioni.

Jumatano, 5 Machi

Jana nilipita ofisini kwa karani, nikamtengenezea kiti. Kilikuwa kinachechemea kuliko mimi. Alitaka kunilipa, nikakataa. Akasema basi ana deni la fadhila kwangu. Sawa, nimeiweka.

Leo mwalimu mkuu kaniita shuleni. Darasa la kwanza mwaka huu wamejiandikisha watoto saba. Saba! Zamani nyumba yangu peke yake ingewatoa hao, na mmoja akabaki. Sasa wanahamishiwa shule ya mtaa wa pili. Hapa patakuwa ukumbi wa wazee wanaoishi peke yao — chai, nesi wa kupima presha, soga mchana kutwa. Madawati yapo, anasema, ila mafupi. Fundi, utayaongezea miguu?

Niliyatengeneza mimi hayo! Arobaini, enzi nina nywele. Watoto walikaa wanne wanne, wa mwisho nusu tako hewani, na wazazi wakinitukana njiani kwamba nachelewesha mengine. Leo nayarefusha wakalie babu zao.

Alhamisi, 6 Machi

Shubiri moja kila mguu. Skrubu mbili, gundi. Mgongo unanilaani.

Bwana Redio kaja kujaribu — jirani yangu, yeye haongei, anatangaza. Kakaa kwenye dawati ambalo sijalirefusha, magoti kidevuni kama panzi. Anafoka: ongeza, fundi, mimi si wa darasa la kwanza! Nikamwambia miguu imepita, kichwa bado kipo hapo hapo. Kanuna dakika mbili. Kisha kaniuliza tutakaa dawati moja? Nikamwambia akiacha kutangaza nitamfikiria.

Ukweli, nimeshachagua. La dirishani. Chini yake kuna jina la kifunguamimba wangu, kalichonga kwa msumari. Nilimchapa kwa ajili ya jina hilo. Randa yangu leo haikupita hapo.

Jumapili, 9 Machi

Kitindamimba wangu kaja kuaga. Kakaa saa moja, begi hata hakulishusha ndani. Anaenda ng'ambo, kapata kazi. Kazi gani? Kutunza wazee. Huko wamejaa, anasema, watu waliacha kuzaa zamani, vijana hawatoshi. Atawaogesha, atawalisha, atawatembeza kwenye jua.

Nikamuuliza: na mimi nikihamia huko, nitapangiwa wewe?

Kacheka. Halafu kaenda jikoni kuosha kikombe. Kikombe chenyewe kilikuwa safi.

Wanane niliowazaa, wajukuu wawili! Nikiwauliza wananijibu kama waliokaa kikao: nyumba ndogo, kazi nyingi, mmoja anatosha, Baba. Nani kawafundisha hesabu hii? Mimi! Mimi niliyewafukuza uwanjani wakasome. Wakasoma. Wakasoma kabisa.

Jumanne, 11 Machi

Orodha ya ukumbi imebandikwa. Majina thelathini. Bwana Redio wa nne, kalisoma jina lake mara tatu kwa sauti. Langu halipo.

Nimesoma kutoka juu. Nimesoma kutoka chini. Nimevaa miwani, nimevua.

Mwalimu mkuu kafungua karatasi zake, kaniangalia kwa huruma. Mzee wangu, ukumbi ni wa wanaoishi peke yao, na nyumba yako ina watu kumi na mmoja. Daftari la karani ndilo linalosema. Marekebisho mwisho Ijumaa saa sita mchana.

Madawati arobaini nimeyainua kwa mikono hii, na mimi nikae wapi? Kwenye foleni ya bafuni?

Nyumbani Bwana Redio kaniuliza dirishani: huji? Nikamwambia nina wageni wengi. Domo langu hili!

Ijumaa, 14 Machi

Saa tano na nusu. Naandika nikiwa ofisini kwa karani, nimekalia kile kiti. Hakichechemei.

Nimekiri kila kitu. Hata mlango wa bafu. Hakucheka. Kasema sheria yake ni hii: anakata jina moja moja mbele yangu, na mimi nathibitisha. Kifunguamimba — anaishi kwako? Haishi. Mstari. Wa pili? Hayupo. Mstari. Kalamu yake inakwaruza kama msumeno butu, nikamwambia aibadilishe, hakuibadilisha. Wajukuu nao, mstari, mstari.

Kabaki mmoja. Kitindamimba. Anaishi kwako, babu?

Nikasema ngoja.

Kasema akibaki hata mmoja, dawati sipati. Najua, mwanangu, najua! Hapo simu yake ikalia, katoka nje. Sasa namsikia anaaga huko. Akiingia nitamwambia hivi: karani, kiti hiki sikukulipisha, ile fadhila naidai leo, na ni ndogo. Hao wengine umewakata kwa wino, sawa. Huyu wa mwisho mkate kwa penseli. Usihangaike kuitafuta, ninayo hapa sikioni.