Lebo za Shangazi na Mama wa Pasi

Mshauri wangu, kabla sijakulilia ujue unaandikiwa na nani: mtaa mzima hakuna kichwa kama changu, shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha, na kompyuta ikiniona tu inajiwasha. Ndiyo maana shangazi yangu, mwenye duka la kufulia nguo, aliponiomba programu ya kuchapa lebo nilimwambia akae pembeni aone. Kila nguo ina alama kama SHA0412, yaani SHA ni shati na tarakimu nne ni namba ya mteja, na lebo ilitakiwa ibebe zile nne tu, basi nikahesabu kuanzia sifuri kama video ya mtandaoni ilivyofundisha, S sifuri, H moja, A mbili, tarakimu zikaangukia tatu mpaka sita, nikaandika [3:6], yaani kata kuanzia ya tatu mpaka ya sita, na kupiga mluzi. Kumbe inatoka 041. Wateja kumi, 0410 hadi 0419, wakawa mtu mmoja, mwalimu mkuu akapelekewa gauni, bwana harusi akapata suruali inayoishia magotini, tena asubuhi ya harusi. Shangazi akamgeukia mama wa pasi, ambaye ndiye hufungasha, miaka kumi na moja yuko pale, akamwambia macho yake yamechoka, aende nyumbani asirudi. Yule mama akanigeukia mimi, taratibu tu: "Mwanangu, hiyo mashine yako haiwezi kukosea?"

Nifundishe kuirekebisha kimyakimya, mshauri. Maana lebo ya 041 nilikuwa nimeshaiona kabla hajauliza. Nikamjibu haikosei.

JIBU

Wewe kichwa cha mtaa, nimemuuliza binti yangu anayesomea mambo hayo. Namba ya pili haichukuliwi, ni pale kisu kinaposimama. Andika [3:7], saba toa tatu ni nne, ndizo tarakimu zako. Kila anayeanza huteleza hapo, wala si aibu.

Aibu unaijua, ndiyo maana umeificha mwisho wa barua. Pole, najua inakuchoma, na ikuchome. Ila kimyakimya hapana. Ukirekebisha leo, makosa yatakoma mara tu baada ya mama kuondoka, na shangazi yako ataapa kwamba alimfukuza kwa haki.

Chukua lebo ya 041, mwonyeshe shangazi kabla duka halijafunguliwa, kisha mwende wote kwa yule mama. Mlangoni utangulie kusema wewe, bila kutaja video. Kwa sasa lebo ziandike kwa mkono. Hiyo [3:7] utaiandika akisharudi kazini, amesimama nyuma yako, anatazama.