Jeki na Mgongo wa Mama Brayo

Jumamosi, jioni

Nimedanganya mbele ya mke wangu, Mama Brayo, naye akaninyamazia.

Tulienda mjini kuchagua jeki ya gereji yangu ya pikipiki ya hapa nyumbani. Muuzaji alitoa ile ndogo ya gari. Nikakataa, kichwa chake ni chembamba, pikipiki itateleza. Nikachukua ile pana yenye raba juu.

"Na miaka hii yote, boss, ulikuwa unainua na nini?" muuzaji akaniuliza.

"Mawe tu," nikasema.

Mawe gani! Kila nikitoa tairi ya nyuma, Mama Brayo ndiye huinama akaiinua pikipiki na kuishikilia hadi nimalize. Juzi daktari alipomuuliza ni kazi gani inamuumiza mgongo, alisema ni kufua nguo. Hata huko alinifichia aibu.

Tulipofika nyumbani nikaijaribu jeki. Pikipiki ikasimama imara. Mama Brayo akatoka jikoni akijifuta mikono, akaenda moja kwa moja mahali pake, akainama.

"Wacha, si kuna jeki sasa?"

"Ai, nilikuwa nimesahau."

Akajinyoosha polepole, mkono kiunoni. Neno "pole" lilikuwa hapa mdomoni kabisa. Nikamuuliza kama chai iko tayari.